Sakafu ya Fundi Viatu

Mwalimu wa shule mpya ya awali alipopita mtaani na fomu zake, fundi viatu alimtazama kama mtu anayetazama begi lililotelekezwa njiani. Shule ya serikali, bure, na uji juu? Lazima kuna namna. Tena maswali yenyewe hayakumgusa mjukuu wake: sakafu ya nyumba ni ya nini, maji mnachota wapi, chumba kimoja mnalala wangapi.

Mara ya mwisho watu wa fomu kuulizia nyumba, walirudi na rangi nyekundu, wakachora alama ukutani, na safu nzima ya upande wa mto ikabomolewa. Kwa hiyo fundi aliziba mlango kwa mwili wake, akajibu bila kupepesa macho: sakafu ya vigae, bomba ndani, vyumba vitatu. Nyuma yake mkewe alikohoa nusura apaliwe.

Jumatatu orodha ya muda ya majina ikabandikwa shuleni. Nafasi arobaini, mjukuu wao alikuwa wa hamsini na tatu. Wa kwanza, mtoto wa muuza mkaa. Kumbe walikuwa wanaanza na wenye hali ngumu.

“Hivyo vigae vyako, mzee,” mkewe alimuuliza, “tukavikanyagie wapi?”

Mama wa mtoto alikuwa kazini mbali, bibi yake kila siku sokoni tangu alfajiri, na mtoto alishinda kwenye kibanda cha viatu katikati ya gundi na visu. Juzi tu alijikata kidole. Fundi akaenda shuleni, shingo upande.

Mwalimu hakumcheka. Alimwambia orodha itafungwa saa sita mchana, na kurekebisha kunawezekana, ila lazima yeye mwalimu aingie ndani ya nyumba aone mwenyewe. Fundi akajisemea moyoni: mtego wenyewe ndio huu.

Hata hivyo akamfungulia. Mwalimu akaona udongo mtupu, kitanda kimoja, ndoo mbili. Akaandika.

“Andika na hapo kwamba hakuna wa kunibomolea.”

“Hilo sina uwezo nalo, baba. Mimi nina viti arobaini tu.”

Jibu hilo likamtuliza kidogo, maana tapeli angeahidi. Akatia sahihi. Kisha akafunga kibanda, akambeba mjukuu begani, akamfuata mwalimu hatua tatu nyuma hadi shuleni, ahakikishe karatasi haipitii ofisi nyingine.