Sabuni, Ndala na Mama

Mdogo wangu aliniandikia vitu vitatu kwenye kikaratasi: sabuni ya mche, ndala na mama. Sabuni na ndala zinauzwa dukani. Mama alikuwa ameapa.

Aliapa mbele ya majirani, mikono kiunoni, siku mdogo wangu alipohukumiwa miezi kumi. Yeye ni fundi wa kuchomelea mageti, na alinunua vyuma vya wizi kwa bei ya kutupa huku mama akimkanya.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," mama alisema. "Guu ni lake. Langu halikanyagi huko."

Sasa walikuwa tayari kumtoa miezi miwili kabla ya wakati kwa tabia njema, ila lazima mwenye nyumba aje gerezani asaini kwamba atampokea. Mwisho wa kusaini ulikuwa Ijumaa. Mimi ningesaini hata kwa kidole cha mguu, lakini naishi chumba kimoja na mume na watoto watatu, na afisa wa ustawi alishaniuliza kama huyo mgeni atalala juu ya kabati. Nyumba anayo mama, na mama alishaikataa fomu hiyo mara mbili. Kumbembeleza tena ingekuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Basi nikampitia jikoni. Mama ni mpishi wa shule, mwaka wa ishirini na mbili huu, na hakuna kinachomchoma kama mtu kula vibaya.

"Amekonda," nilimwambia Alhamisi jioni. "Kesho nitampelekea mkate na ndizi."

"Mkate mkavu?"

"Si unajua upishi wangu ulivyo."

Asubuhi nilimkuta ameshafunga bakuli la wali, la maharage, la kuku, na mayai manne ya kuchemsha. Alisema atafika getini tu, akabidhi, ageuze, maana mimi ningevimwaga njiani.

Jambo moja sikumwambia. Katika gereza lile chakula kilichopikwa hakiingii peke yake. Aliyekipika huingia nacho, akakionja mbele ya askari. Nilimtega mama yangu mzazi, na ningemtega tena leo hii.

Getini alikuwepo askari wa kike, mwembamba, kalamu nyuma ya sikio. Alivua sabuni karatasi yake, akaikata vipande viwili kutazama ndani. Akazikunja ndala mpaka nikazionea huruma. Kisha akachomoa kichupa cha pilipili.

"Hii hairuhusiwi, mama."

"Pilipili imekosa nini?"

"Iliwahi kumwagwa machoni mwa askari."

"Askari gani huyo?"

"Mimi."

Mama akakitia kichupa kwenye mkoba wake bila ubishi. "Pole, mwanangu," akasema, na alimaanisha.

"Chakula kapika nani?"

"Mimi. Mpe huyu dada yake aingie nacho, mimi narudi zangu."

"Aliyepika ndiye anayeingia, mama. Anaonja kila kitu."

"Nionje!" Foleni nzima iligeuka. "Nalisha watoto mia nne kila siku, hajaharisha hata mmoja!"

"Naamini kabisa. Ila sheria ni hiyo."

"Na nisipoingia?"

"Kinarudi nyumbani."

Mama akanitazama. Mimi nikatazama ndala.

"Ulijua wewe."

"Nilijua nini, mama?"

"Tutazungumza nyumbani."

Nina miaka thelathini na minne na niliinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani. Lakini kurudi na chakula ambacho hakijaliwa, mama hajawahi. Akabeba mabakuli yake, akatangulia.

Chumba cha wageni kina meza ndefu za mbao na mabenchi ya saruji. Mdogo wangu akaletwa. Nilipomwambia mama kwamba amekonda nilikuwa natia chumvi, lakini shati la mfungwa lilikuwa likimning'inia kweli, na nilimwona mama akilitazama hilo shati kuanzia kola hadi pindo.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitika. Shikamoo ile iliniuma mimi kuliko yeye, maana yeye alisimama tu, mikono nyuma, na mimi ndiye niliyewaleta pale wote wawili.

"Onja, mama," askari alisema taratibu.

Mama akala kijiko cha wali. Akala cha maharage. Akang'ata kuku. Mdogo wangu alikuwa akimeza mate, akijaribu kuficha. Mama akamenya yai, akaligawa, akala nusu yake, kisha mkono uliobaki na nusu nyingine ukanyooka mpaka kwake.

"Marahaba," akasema. "Kaa ule."

Akakaa. Akala yai kwa mara moja, nusura limkabe.

"Mama, nisamehe. Uliniambia."

"Nilikuambia."

"Mara tatu nzima."

"Nne. Na ya nne ulikuwa unaniitikia huku umelala."

Nikacheka, nikaziba mdomo. Ndipo afisa wa ustawi akaja na fomu yake, akauliza kama kuna mwenye nyumba hapa. Mdogo wangu akaacha kutafuna. Mimi sikuthubutu kupumua, kwa sababu mama akikataa mara ya tatu hana tabia ya kurudi nyuma.

Mama akafuta mikono kwenye kanga, akaisoma fomu mstari kwa mstari, kidole kikifuata maneno.

"Andika kwamba nampokea mimi," akasema hatimaye. "Na andika kwamba chuma kimoja kikiingia uani kwangu bila risiti, namrudisha hapa mwenyewe, kwa miguu, nikiwa nimemshika sikio."

"Hiyo haina nafasi kwenye fomu, mama."

"Andika pembeni."

Afisa akamtazama askari. Askari akapandisha mabega. Afisa akaandika pembeni, neno kwa neno, na mama akasaini chini yake kwa herufi kubwa. Mdogo wangu akainamia bakuli, akalia kwa sauti mpaka wa meza ya jirani wakageuka, na mama akamsogezea maharage, akamwambia ale kabla hayajapoa.