Gari la Kumlaza Mama

Isaiah Shikanga alimpima mama yake Jumamosi mchana, baada ya chakula, kwa kamba ya katani aliyoifungua kwenye gunia la mahindi. Maximilla alikuwa amelala chali kwenye kitanda chake, macho yamefumbwa, shuka limemfika kidevuni. Isaiah akashika ncha moja ya kamba juu ya kitambaa cha kichwa, akainyoosha polepole kandokando ya mwili hadi kisiginoni, akapiga fundo. Kisha akaitia mfukoni na kutoka kwa kunyata. Na ijulikane mapema, asije akahukumiwa bure: alikuwa na furaha tele. Alikuwa anakwenda kumnunulia mama yake gari jipya.

Shida ilikuwa mgongo. Saratani ilianzia kwenye titi, titi likakatwa, watu wakaimba na kushukuru, kumbe ugonjwa ulikuwa umeshahamia kwenye uti wa mgongo. Daktari wa Eldoret alisema mionzi ingemtuliza maumivu, pengine imrudishe kwenye miguu yake, ila lazima ianze upesi kabla miguu haijafa ganzi kabisa. Kutoka Navakholo hadi Eldoret ni safari ya kukaa, na Maximilla hakuweza tena kukaa. Mara ya kwanza Isaiah alimchukua kwa kigari chake kidogo, mito imeshindiliwa kila upande. Kwenye barabara ya murram mama aliuma leso. Walipofika kituo cha Kambi ya Mwanza, tena kwenye lami safi, akaanza kulia kwa sauti, yeye ambaye hata mazishini pa mumewe hakulia, akaomba arudishwe nyumbani. Isaiah akageuza gari. Ambulensi mama hakutaka hata kuisikia. Mumewe Erastus alitolewa kwenye boma lile kwa ambulensi na akarejea ndani ya sanduku.

Ndipo Isaiah akaifikia akiba yake. Alikuwa na duka la mbolea na dawa za mifugo mjini Kakamega, na kwa miaka mingi alikuwa akiweka kidogo kidogo ili ajenge nyumba ya kisasa. Mkewe Beverly ndiye aliyesema kwanza. "Nyumba itangoja," alisema. "Mama hawezi kungoja." Isaiah angeweza kumbusu papo hapo dukani mbele ya wateja, ila hakuwa mtu wa mambo hayo.

Pale kwenye barabara ya Webuye palikuwa na duka la magari mapya, na humo Chepng'etich, dada mwenye subira na viatu vya chini, akamzungusha kwenye gari refu la kijivu lenye viti vya watu saba. Hakumwimbia habari za redio wala kamera. Alimsikiliza kwanza, kisha akafungua mlango wa nyuma.

"Hivi vya nyuma vinalala hivi," alisema, akavuta utepe mdogo, na viti vikajilaza sakafuni bila kelele. "Vya katikati vimegawanyika. Unalaza upande huu mmoja, na ule mwingine unabaki kwa mtu wa kukaa kando yake, amshike mkono. Na hiki cha mbele cha abiria kinalala pia, kama miguu inahitaji nafasi."

"Kumbe kila kiti kinalala?"

"Isipokuwa cha dereva, mzee. Hicho tunaomba kisilale."

Isaiah alicheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Akauliza kuhusu injini, akaambiwa ni ya dizeli, inavuta vizuri kwenye tope na hainywi sana, akaitikia kwa kichwa kana kwamba angekataa kama ingekuwa vinginevyo. Ukweli ni kwamba alikuwa ameshalinunua moyoni. Alikuwa akiitazama ile sakafu bapa na kumwona mama yake amejinyoosha, amelala usingizi mpaka Eldoret.

"Mama ana urefu gani?" Chepng'etich akauliza. "Tusije tukauziana kitu kifupi."

Isaiah hakujua. Alijua tu kwamba mama ni mrefu, kwamba zamani kanisani walimweka safu ya nyuma ya kwaya ili asiwafunike wenzake. Kwa hiyo Jumamosi ile akaenda Navakholo kumpima kwa kamba. Jumatatu alirudi, akaitandaza kutoka mlango wa nyuma kwenda mbele, na kamba ikaenea ikabaki nafasi ya mto. Akatia sahihi siku hiyo hiyo.

Gari lilipofika nyumbani Alhamisi, akina mama wa kanisa walikuwa wameshaitwa kuja kuliombea. Waliliimbia, wakalizunguka, wakaweka mikono kwenye boneti. Watoto wa Isaiah waligombania kupanda. Beverly alikuwa ametandika godoro jipya kule nyuma na kulivika leso mbili za maua. Maximilla alitolewa ndani na kulazwa kwenye kochi barazani, kitambaa cheupe kichwani, akitabasamu kwa adabu kama mtu anayepigwa picha.

Isaiah alifungua mlango wa nyuma kwa madaha, akamgeukia mama yake. "Mayi, ona. Hapa ndipo pako. Jumatatu unalala hapa mpaka Eldoret, hata hutasikia shimo."

Maximilla alilitazama godoro. Akautazama urefu wake, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akamtazama mwanawe, na lile tabasamu likamtoka usoni.

"Nirudisheni ndani," akasema.

Tangu hapo akawa amekata shauri. Hakugomba wala hakulalamika, na hilo ndilo lililomtesa Isaiah zaidi. Akiulizwa kuhusu hospitali anasema amechoka. Akiulizwa kuhusu gari anasifu. Uji akaurudisha. Ijumaa alimwita wifi yake Zilpah amtolee sandukuni gauni lake la bluu la Umoja wa Akina Mama na kulianika juani, litoke harufu ya nondo. Beverly aliliona kambani, akaelewa ni la kuzikiwa, akaingia jikoni na kulia peke yake.

"Mayi, nimekukosea nini?" Isaiah aliuliza Jumamosi, sauti imeanza kupanda.

"Hujakosa, papa." Alimwita papa tangu alipozaliwa, maana alibeba jina la baba yake Maximilla. "Gari ni nzuri sana. Bebea watoto shule."

"Sikuinunua ya shule! Nimeinunua yako!"

"Najua ni yangu," Maximilla akasema, akageukia ukuta.

Isaiah alitoka nje na kupiga teke debe tupu. Ana haki ya kukasirika, mtu akitoa jasho la miaka yote halafu anaambiwa bebea watoto. Hasira ile ilikuwa na hofu ndani yake. Jumatatu ikipita hospitali ingempa nafasi mtu mwingine, na mama tayari alikuwa haoni tofauti akifinywa kidole cha mguu wa kushoto.

Senje Zilpah, dada ya marehemu baba yake, ndiye aliyemwita Jumapili jioni nyuma ya jiko, mahali alipokuwa akinyonyoa kuku. Hakuinua kichwa.

"Wewe ulimpima mama yako."

"Senje?"

"Na kamba. Akiwa kitandani. Unadhani alikuwa na usingizi? Mgonjwa wa mgongo anararanga saa ngapi, we Isaiah? Alikuwa anangoja maumivu yatulie. Akasikia kamba inapita hapa." Akajigusa bega kwa mkono wenye manyoya. "Ikaenda mpaka kwa mguu. Akakusikia ukifunga fundo."

Isaiah aliitupia macho mikono yake mwenyewe.

"Fundi wa nguo anakupimanga umesimama," Zilpah akasema. "Nani anapimanga mtu amerara?"

Isaiah alijua. Kila mtu wa pale anajua, na Isaiah zaidi, maana baba yake alipofariki, Makhanu seremala alikwenda mochari na kamba ya kupimia sanduku, na kijana wa kumshikia ncha ya upande wa kichwa alikuwa Isaiah mwenyewe. Mkono wake ulikuwa umeshafanya kazi hiyo. Na bado, kwa ajili ya ile sakafu bapa na ile furaha, hakukumbuka. Akakaa chini kwenye kuni na kusikia aibu ikimpanda mwilini mpaka masikioni. Mama yake aliamini kwamba mwanawe ameshamkatia tamaa, amempima, na kumletea sanduku la chuma lenye leso za maua, na akina mama wa kanisa wakaja kuliimbia.

Jumatatu asubuhi alimtoa mama hadi barazani, akapiga magoti mbele ya kochi. Beverly na Zilpah walisimama mlangoni. Gari lilikuwa uani, mlango wa nyuma wazi, godoro limetandikwa.

"Mayi, ni kweli nilikupima. Nilikuwa napima gari. Niliogopa usienee miguu ikakunjika. Nisamehe."

Maximilla aliweka mkono juu ya kichwa chake. Mkono ulikuwa mwepesi.

"Nilikusamehea siku ile ile," alisema. "Mimi nilikuzaa, najua hukuwa na roho mbaya. Wewe ulikuwa unapima gari. Lakini kamba haijui hiyo, papa. Kamba imepima mtu. Nikilala pale sitatoka mzima. Wacha nifie kwa kitanda changu."

"Hutakufa, mayi. Ni viti tu. Vinalala, vinaamka."

"Basi viamke. Mimi nabaki."

Saa zilikuwa zinakwenda. Isaiah alitazama barabara, akatazama miguu ya mama yake iliyovimba juu ya mto. Alichofanya baada ya hapo hakukipanga. Alisimama, akavua viatu, akaenda kwenye gari, akapanda kwa mlango wa nyuma na kujilaza juu ya godoro, chali, miguu imenyooka, mikono kifuani.

"Ona, mayi!" alipaza sauti kutoka mle ndani. "Na mimi naenea! Tuko kipimo kimoja. Kama ni mbaya, basi ni yangu pia."

Alidhani anaonyesha kwamba hakuna kitu cha kuogopa. Kutoka barazani hakikuonekana hicho. Kilionekana kichwa cha mwanamume aliyelala ndani ya chombo kirefu cha kijivu, macho juu, mbele ya nyumba ya mama yake.

Maximilla alipiga ukemi. Zilpah anasema hakuwahi kuusikia ukemi wa namna ile hata siku ya Erastus. Mwanamke ambaye hakuwa amesimama kwa wiki nzima alishika nguzo ya baraza na kuinuka, Beverly akamdaka kiunoni kabla hajaanguka.

"Papa, toka! Toka hapo!"

Isaiah aliinua kichwa. Aliuona uso wa mama yake na akaelewa amefanya nini. Ilikuwa njia moja tu iliyobaki, na ilikuwa mbaya, na aliishika.

"Sitoki," akasema, na sauti yake ikavunjika. "Sitoki hapa mpaka wewe uingie."

"Isaiah, wacha," Beverly akasihi. "Wacha hiyo."

"Nibebeni," Maximilla akasema. Alikuwa analia, na hakufuta machozi. "Zilpah, shika huku. Nibebeni haraka, atoke."

Wakamchukua mpaka kwenye mlango wa nyuma. Isaiah akashuka pembeni. Maximilla alilipangusa godoro kwa kiganja, mara moja na tena, mahali pale alipokuwa amelala mwanawe, mpaka leso ikanyooka. Halafu akakubali kulazwa. Beverly akaketi kwenye kile kiti cha kando na kumshika mkono. Zilpah aliingia ndani na kutoka na lile gauni la bluu limekunjwa, na Maximilla akalipokea akaliweka chini ya kichwa.

Isaiah alikaa kwenye usukani. Alikuwa amepata alichokitaka wiki nzima, mama yuko ndani ya gari na hospitali inawangoja, na bado hakuwa amemshawishi hata kidogo. Maximilla alikuwa amelala pale akiamini vilevile kama jana kwamba hatarudi. Amepanda tu ili mtoto wake asiwe ndiye aliyelala pale.

Aliwasha injini. Ikanguruma kwa upole, gari likaanza kusogea kuelekea lango, na Isaiah akalia bila kujificha.

"Papa," mama akaita kutoka nyuma.

"Naam, mayi."

"Umejifunga mkanda?"