Jibu Lililofanana na Langu

Wanafunzi kumi na tisa walijibu kama nilivyotarajia. Wa ishirini, mdogo wake mke wangu, alijibu kama mimi, na hapo nikaanza kumshuku.

Zoezi lilikuwa la mchujo: andika programu ya kuzidisha namba mbili bila kutumia alama ya kuzidisha. Mwenye jibu bora anaajiriwa, wengine wanakwenda zao. Wale kumi na tisa walijumlisha: nne, na nne, na nne, mpaka zikatimia mara sita. Shemeji aliandika mstari mmoja tu. Badala ya kuzidisha sita kwa nne, aligawanya sita kwa robo. Ndilo jibu langu lenyewe, nililolihifadhi kwenye kompyuta ninayoiacha wazi mezani sebuleni, na yeye analala chumba kinachotazamana na meza hiyo. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaanza kukumbuka mambo. Jumapili alifuta vumbi mezani bila kuombwa. Tangu lini?

Mke wangu sikumwambia. Nilimwambia mkuu wa mafunzo, tunayemwita Bi Rula kwa sababu hapindi.

"Una ushahidi?"

"Nina macho."

"Macho hayatoshi. Mwite umpime upya mbele yangu. Akishindwa, anatoka."

Tulikaa kwenye chumba kidogo cha mashine ya kuchapa, watatu tumebanana. Shemeji alimwamkia Bi Rula, akanigeukia. "Shem, kuna nini?"

"Rudia zoezi," nikamwambia. "Safari hii kugawanya marufuku."

Akajumlisha kama wenzake. Nikapiga marufuku kujumlisha. Akafikiri kidogo, akatumia namba hasi. "Ukitoa hasi nne, si umeongeza nne?" Bi Rula akacheka. Mimi sikucheka, nilijiuliza nani anamfundisha. Nikapiga marufuku kutoa. Akaiamuru kompyuta ipange safu sita za nukta nne nne, kisha ihesabu nukta zote. Ishirini na nne.

Mtu mwingine angeridhika. Mimi nilizidi kushuku. Mtu hawi mwepesi hivyo bure. Labda alishapekua hata madaftari yangu.

"Kuhesabu marufuku," nikasema. "Na kurudiarudia pia. Kila amri itumike mara moja tu."

Akaacha kibodi, akavuta karatasi. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Zikapita dakika kumi, nami nikaanza kufurahi, Mungu anisamehe. Kisha akainua kichwa.

"Nadhani nimeipata. Lakini Shem, hii wewe mwenyewe umeshaifanya?"

Kazini kwetu ipo sheria moja ambayo hata mfagiaji anaijua: mtunzi hatoi zoezi ambalo hajalitatua. Bi Rula ndiye aliyeiweka. Akanigeukia.

"Eti umeshaifanya?"

"Bado, lakini..."

"Basi kaa hapo utuonyeshe."

Mkuki kwa nguruwe. Nilikaa kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na joto la shemeji. Nikaandika mstari, jibu likatoka sifuri. Nikaandika mwingine, kompyuta ikagoma kabisa. Kila alama niliyoitaka nilikuwa nimeshaikataza kwa mdomo wangu. Jasho likanitoka mpaka kwenye miwani.

Karatasi ya shemeji ilikuwa kando ya kiwiko changu. Sikukusudia, nakwambia kweli, lakini shingo ilijipinda. Niliwahi kuona mabano mawili na mshale.

Shemeji akaweka kiganja juu ya karatasi, akaigeuza kifudifudi.

Bi Rula aliona. Alifungua faili, akatoa fomu ya ajira, akaisukuma mbele yangu pamoja na kalamu. "Jaza jina lake," akasema. "Kwa mwandiko unaosomeka."

Nikajaza. Aibu niliyoisikia sijapata kuisikia tena. Shemeji alisaini, akakunja karatasi yake, akaitia kwenye mkoba. Mlangoni akasimama.

"Leo nyumbani," akaniuliza, "nani atamweleza dada? Mimi au wewe?"