Mifuko ya Vidole Kumi na Vinne

Jumatatu alasiri fundi cherehani alikuwa anakunja pindo, na sebule yake imejaa kama kawaida: wateja wawili waliokuja kujaribu nguo, jirani aliyekuja kuazima sindano akasahau kuondoka, na wifi yake, ambaye umbea ukimpita hulala na homa. Sakafuni, binti wa fundi, wa darasa la nne, alikuwa anagawanya tisini na mbili kwa nne. Alihesabu kwa vidole.

Wifi akamwona.

"Darasa la nne bado vidole? Na hivyo kumi vitakutosha kweli, shangazi?"

Watu wakacheka. Fundi alicheka kuliko wote, akawaeleza wageni kwamba hesabu hazimo kwenye damu yao, mtoto asilaumiwe. Binti alipomwomba amsaidie swali hilo moja tu, alisema ana kazi.

Jumanne binti aliamka na vidole kumi na kimoja. Kipya kilikaa pembeni ya gumba la kushoto, kina ukucha wake safi. Alinawa, akanywa chai, akaenda shule.

Kila jioni aliuliza swali moja, na kila jioni mama alikuwa na kazi. Kila asubuhi kidole kiliongezeka. Jirani alisema mtoto kama huyo ataosha vyombo upesi. Mteja mmoja alitaka kujua kama pete zitamtosha.

Alhamisi jioni, baada ya swali la nne, binti alileta barua ya mwalimu. Mzazi anaombwa kukaa na mtoto robo saa kila siku, hata kwa vitu vya nyumbani. Kuhusu mikono, mwalimu aliandika tu kwamba sare iwe nadhifu. Fundi aliisoma mara mbili, akaitia kwenye kopo la vifungo.

Ijumaa vidole vilikuwa kumi na vinne. Binti aliporudi, mama alikuwa anakata sketi ya mteja mwenye nyonga ya sentimita tisini na mbili. Alishika tepu kwenye tisini na mbili, akaikunja katikati, akaikunja tena, akaweka alama ya chaki kwenye ishirini na tatu. Hivyo ndivyo alivyofanya kwa miaka kumi na minane.

"Mama," binti akasema, "hiyo si ndiyo ile ya Jumatatu?"

Wifi alitazama kikombe chake. Fundi aliutazama ule mkunjo mkononi mwake, masikio yakamwaka moto.

"Hii ni kazi, mwanangu," alisema taratibu. "Hesabu ni za shule."

Akaiachia tepu ikakunjuka.

Kisha akaivuta sare ya binti, akaishonea mifuko miwili mipana, kila mmoja wa vidole saba. Hakupima. Mkono wake uliijua mifuko hiyo. Mamake aliwahi kumshonea yeye.

"Vyako vilikwenda wapi?" binti akauliza kwa sauti ya chini, wageni wasisikie.

"Vilidondoka vyenyewe. Nilipoacha shule."

Binti aliingiza mikono. Ilienea vizuri, wageni wakaisifu kazi. Jioni ile hakuuliza swali lolote, na Jumamosi hakikuota kidole.