Nguzo Zilizokuja na Kivuli Chao

Jumamosi hiyo Chemutai alikuwa amemaliza kuchimba mashimo nyuma ya nyumba kabla wapangaji wengine wa ploti hawajatoka kufua. Kibanda chenyewe hakikuwa cha kujivunia: nguzo chache kutoka Elburgon, kando ya msitu wa Mau, nailoni ya juu ya kuzuia vumbi na mvua ya mawe, magunia pembeni ya kumwagiwa maji, na kokoto chini ili unyevu usikimbie. Kilichokosekana ni neti nyeusi ya kukinga jua, na hiyo ingengoja mwisho wa mwezi.

Okidi zake zilikuwa kando ya ukuta, ndani ya karai, zimejikunyata. Alikuwa akiziokota kwenye hoteli anakofanya usafi. Wenye hoteli wakiona maua yameanguka, hutupa mmea mzima na chungu chake, maana eti mgeni hapendi kuona majani matupu mezani. Meneja alikuwa amemwambia kwamba zikichanua tena atazinunua, na alisema hivyo akicheka. Okidi hazitaki udongo, zinataka mkaa na maganda ya mti, na zaidi ya yote hazitaki jua la Nakuru la mwezi wa pili. Kila siku jani jingine lilikuwa likigeuka njano.

"Ni kibanda cha muda tu," alikuwa amemwambia keateka anayesimamia ploti. "Mvua ikianza nakibomoa."

Basi aliposhindilia udongo kwenye nguzo ya mwisho, kivuli kikaanguka. Nguzo zenyewe ni nyembamba, hazingeweza kumkinga hata kuku, lakini hiki kilikuwa kivuli cha mti mzima, mpana, wenye matawi na majani yanayotikisika. Kilifunika okidi, kikafunika kamba ya nguo, kikapanda hadi nusu ya mlango wa jirani. Juu hapakuwa na kitu ila mbingu. Kivuli cha nyani mmoja kilipita juu ya kokoto, kikajikuna, kikaendelea na safari.

Jirani, Wamaitha, alitoka na beseni la nguo akasimama.

"Chemu, si ulisema ni kibanda kidogo?"

"Ni kidogo."

"Na hii yote?"

"Imekuja na nguzo."

"Haya. Lakini sweta za watoto zitakaukia wapi, aki?" Alirudi ndani, akatoka tena na stuli na sinia ya maharagwe, akakaa pale kivulini kuchambua. Alikiri kwamba palikuwa na ubaridi mzuri.

Chemutai hakukaa. Kule Elburgon aliyemuuzia alimwambia, "Hiyo ni saiprasi ya shamba, mathe, usiwe na wasi." Kivuli cha saiprasi ni chembamba. Hiki kilikuwa cha podo, mti wa msituni usioruhusiwa kukatwa. Na pale matawi yalipoachana palikuwa na kivuli cha mzinga wa nyuki, umeinamia kushoto. Aliujua mwinamo ule. Baba yake aliutundika mzinga huo mkono wake mmoja ukiwa umevunjika, akaahidi kuunyoosha akipona, na hakuunyoosha kamwe. Akiwa mtoto Chemutai alikuwa akimpelekea chakula chini ya mti huo huo.

Babake, Mzee Kibii, alikuwa saa hiyo langoni, kwenye kiti chake cha jikoni, anatazama upande wa Mau. Alikaa hapo kila asubuhi tangu watolewe msituni. Siku ile ya kutolewa waliambiwa na watu wa serikali, tunawaondoa ili miti ipumzike. Wengine walilia na wengine walitukana, lakini Kibii aliuliza tu kama mti wake nao utapumzika. Akaambiwa ndiyo. Akafunga nguo zake, akawaacha nyuki mzingani, akaja mtaa huu wa Section 58, mahali ambapo hata njia ya dukani ilikuwa ikimpotea. Mtu akimuuliza kama hakumbuki kwao, alisema, "Mti uko, mimi niko huku. Ndivyo tulivyopatana."

Sasa Chemutai alisimama na sururu mkononi akafikiria: huyu mzee akijua mti umekatwa, atasema alitolewa kwa ajili gani? Aliogopa kwamba swali hilo peke yake lingemlaza kitandani asiinuke tena.

Jua likishafika langoni, Kibii hubeba kiti chake akaja nyuma. Chemutai alijua hana muda. Akang'oa nguzo zote, akazigeuza, kichwa chini miguu juu, akazishindilia upya. Lilikuwa wazo la kijinga, na mwenyewe alilijua. Kivuli nacho kikapinduka. Mizizi ikatanda upande wa nyumba ya Wamaitha, matawi yakaelekea kwenye mtaro wa maji machafu, na vivuli vya nyuki vikawa vinauingia mzinga kutoka chini.

"Sasa hapo umenisaidia," Wamaitha alisema, akihamisha stuli. "Mizizi haina majani. Sweta zitakauka."

Kibii alitokea na kiti chake. Akasimama. Akainamisha kichwa upande, akazidi kukiinamisha mpaka kofia ikataka kuanguka.

"Chemutai," akasema, "umeupindua mti wangu. Asali itamwagika."

Ilikuwa imeshaanza. Siafu walikuwa wamejipanga kwenye kokoto, na matone meusi yalikuwa yameshika jani la okidi moja. Chemutai aliona haya mpaka masikio yakamuwasha. Akazing'oa nguzo mara ya pili, akazisimamisha zilivyokuwa, na baba yake akamshikia.

Walipomaliza, mzee aliinusa nguzo moja, halafu akaipapasa pale msumeno ulipopita. Utomvu ulikuwa bado unanata.

"Baba, mimi nilinunua tu nguzo. Waliniambia ni saiprasi."

"Si wewe." Alikaa chini, mgongo kwenye nguzo. "Lakini waliniambia unapumzika." Alitazama juu penye mbingu tupu, akatazama chini palipojaa majani. "Sasa hapa umekatwa ama haujakatwa?"

"Sijui, Baba," Chemutai alisema, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Kibii hakulala kitandani asiinuke, kama binti yake alivyoogopa. Aliacha kukaa langoni, akawa anashinda kibandani. Aliacha kupotea njia, hata akamtuma mtoto wa Wamaitha dukani kwa kumwelekeza kutoka kwenye tawi hili la kivuli hadi lile, na mtoto alifika. Jioni jua likilala, kivuli cha mzinga kilikuwa kikipanda ukutani mpaka kikawa usawa wa kifua cha mtu. Mzee alikuwa akikunja mkono wa shati, anaingiza mkono ndani ya kivuli, anatoa sega. Asali ilikuwa nyeusi, na chungu kwa mbali. Wamaitha alipewa kikombe, naye akasema imemwondolea kikohozi.

Okidi zilitoa mizizi mipya ya kijani, na Chemutai akaacha kuulizia neti. Kwenye matawi ya kivuli palikuwa na okidi nyingine, za msituni, nazo zilichanua kwa kivuli tu. Kibii alimwonyesha binti yake moja baada ya nyingine, akifurahi. Haki, alikuwa hajamwona babake akifurahi hivyo tangu watoke kule.

Lakini sweta ni sweta, na watoto walikuwa wakienda shule na nguo mbichi. Wamaitha alimlalamikia keateka, keateka akasema mambo ya miti si yake, ni ya watu wa msitu. Ndivyo afisa mmoja wa msitu kwa jina Gedion alivyofika na pikipiki, sare ya kijani imepigwa pasi, kofia imekaa sawasawa.

"Niaje mathe. Mzee, shikamoo. Nimeambiwa kuna mti hapa."

"Kuna kivuli," Chemutai alisema.

Gedion aliinama kuingia kibandani. Pale mlangoni kivuli chake kiliachana naye. Kilitembea juu ya kokoto, polepole, kikafika chini ya kivuli cha podo, na hapo vilikuwapo vivuli vya watu wawili walioinama na msumeno wa injini. Kivuli cha Gedion kikasimama karibu nao, mikono mfukoni, kofia sawasawa. Kilionekana kimezoea mahali pale. Kibii alikitazama, akamtazama mwenyewe, akakitazama tena. Gedion naye alikiona, akakohoa kidogo, akaendelea na kazi.

"Huu mti naujua," alisema. "Ni podo. Uko msituni, umesimama, hauna neno."

"Na hizi nguzo?" Chemutai aliuliza.

"Hizo ni saiprasi."

"Na kivuli?"

"Kivuli ndicho ushahidi wenyewe, madam. Kitu ambacho hakipo kitatoa wapi kivuli?"

Chemutai aliigonga kwa kiganja nguzo iliyokuwa karibu.

Kibii alivua kofia. "Kijana yangu, mlinitoa ili huu mti uwepo."

"Ndiyo, mzee. Na mmefanya vizuri kuondoka. Serikali inashukuru."

"Basi kama uko, na umepumzika, nitarudi lini?"

Gedion alimwekea mkono begani, kwa heshima. "Mzee wangu, wewe ukirudi, mti utakatwa."

Akaomba asali kidogo ya nyumbani, akajaziwa kwenye chupa ya soda, akaifunga nyuma ya pikipiki. Kivuli chake kilimfuata baadaye, kilipomaliza shughuli na wale wa msumeno.

Mvua ilipokaribia, okidi ya kwanza ilichanua, nyeupe, yenye mshipa wa zambarau, na meneja wa hoteli hakucheka tena. Kibanda hakikubomolewa. Wamaitha alihamishia kamba yake mbele ya nyumba na maisha yakaendelea. Yule wa Elburgon aliyeuza nguzo alipiga simu kuuliza kama Chemutai anataka nyingine, maana zilikuwa zimeingia nyingi.

Kibii hakurudi langoni. Hakurudi kibandani pia. Tangu siku ya afisa, alikuwa akiweka kiti chake pale kivuli kinapoishia, juani, vidole vya miguu vikiwa nyuma ya mpaka. Asali akawa anaivuna Chemutai, yeye anamwelekeza kwa mbali, kulia kidogo, shuka kidogo, polepole usiwaudhi.

"Baba, ingia basi," Chemutai alimwambia mchana mmoja, jua likiwa kali. "Hilo jua litakuua. Ni kivuli tu."

"Nikiingia watasema nimerudi."

Jua likasogea, na kivuli nacho kikaja kuelekea miguuni pake. Mzee aliinuka, akakivuta kiti nyuma hatua moja, akakaa tena kuutazama mti wake.