Mpunga Si Mchele

Wilson alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga pale Mbugani, na mkono wa kulia wenye vidole vitatu. Viwili vililiwa na mashine siku mpunga ulipokwama kwenye hopa, lile karai kubwa la bati linalokaa juu ya mashine, naye akauchokoa kwa mkono. Mtu mwingine angekoma. Wilson hakukoma, maana mpunga ukikwama wateja hupiga kelele, na mkono hutangulia akili.

Ndiyo maana Sekela, binti wa marehemu kaka yake, ambaye Wilson mwenyewe alimsomesha uhandisi, aliapa kumchorea hopa isiyokwama. Alitumia programu ya kompyuta inayomwaga punje za kuigiza na kuuliza maswali kama karani: punje ikisugua punje, msuguano kiasi gani? Ikisugua bati? Ikisugua mbao ya mdomo wa hopa? Kila jozi na namba yake. Sekela alikuwa na haraka, na haraka haina baraka. Alichukua namba zilizokuwemo tayari. Punje zikatiririka kama maji, na Ambrose, fundi wa kuchomelea, akaitwa.

Asubuhi hiyo bati lilikuwa limelazwa chini, Ambrose kashika mashine ya kukatia.

"Mugonile, baba," Sekela alisalimu, akafungua kompyuta amwonyeshe mzee kabla bati halijakatwa. "Tazama unavyoshuka. Huu hapa mchele..."

 Alitaka kusema mpunga, ulimi ukasema mchele, na ulimi ndio uliokuwa mkweli. Programu ile ni ya Wazungu, na Mzungu ana neno moja tu, rice: shambani hilo, guniani hilo, sahanini hilo hilo. Namba alizochukua zilikuwa za mchele, mweupe na laini. Sasa nani anapeleka mchele mashineni ukakobolewe? Mpunga una maganda, na maganda yana vinyweleo. Muulize aliyeupura jinsi unavyowasha. Sekela aliona aibu ya kumtosha mwaka mzima.

"Ambrose, subiri!"

Akachota mpunga, akaumwaga juu ya kipande cha bati, akainua upande mmoja taratibu hadi ukaanza kuteleza, akapima mwinamo. Akarudia juu ya mbao, kisha mpunga juu ya mpunga. Akaingiza namba mpya, kila jozi na yake.

"Nimeshawaahidi watu Jumamosi, mwanangu," Wilson alinung'unika. "Ilikuwa inamwaga vizuri, wewe unaichokonoa."

"Ilikuwa inamwaga uongo, baba."

Wakatazama. Punje zilishuka, zikasongamana, zikashikana juu ya tundu, zikatulia. Chini haikudondoka hata moja. Sekela alitaka kulia. Ili mpunga uteremke, hopa ingebidi iwe na mwinamo mkali zaidi, irefuke, na paa la kibanda litobolewe.

Alipogeuka amweleze, Wilson alikuwa ameinama. Mkono wake ulikuwa umenyanyuka wenyewe, unakwenda kwenye kioo cha kompyuta kuuchokoa mpunga.

Sekela aliudaka, akaubana kwa nguvu mpaka mzee akaguna. Hakuna aliyecheka, hata Ambrose.

"Mwe!" Wilson alisema polepole. "Mkono ningeuingiza tu."

Sekela hakuuachia.

"Ambrose," mzee akasema, "lete ngazi. Tutoboe paa."