Tembo Chini ya Mtungi

Mjomba Abasi hakuwahi kutuletea hata ndizi iliyooza. Kwa hiyo mwaka ule wa njaa, watu walipokuwa wakishinda kwenye foleni ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, nilipomwona anaingia uani kwetu, mtaa wa Ng'ambo, na debe zima la unga begani, sikufurahi. Nilijiuliza amekuja kuchukua nini.

Alikuwa sonara, kaka yake mama, na babu alipofariki ndiye aliyemwoza mama yangu, Maua. Baba yangu, Twalibu, alikuwa mrina asali wa misitu ya Usinge, mtu asiye na jina mjini. Mahari aliyoleta ilikuwa sarafu moja ya dhahabu yenye tembo, zile zilizogongwa hapa hapa Tabora wakati wa vita vya Wajerumani. Mjomba aliingia nayo karakanani, akatoka akicheka. Shaba iliyong'arishwa, alisema. Lakini pilau liko jikoni, harusi isivunjwe, na mama ampe yeye hiyo shaba aiyeyushe, atamtengenezea kipini. Mama kwa hasira alikataa. Aliitia chini ya mguu mfupi wa kigoda cha mtungi, ili baba aione kila anapokunywa maji.

Na aliiona. Baba akichelewa kurudi, shaba. Paa likivuja, shaba. "Wewe uliyenioa kwa shaba," mama alimwambia mbele ya wageni, na baba akashusha kata, akatoka. Sisi watoto tulidhani ndoa zote ziko hivyo.

Siku ile baba alikuwa chumbani, miguu imevimba, ametolewa hospitali ya Kitete bila nafuu. Mjomba hakuingia kumjulia hali. Alitua debe, akasema ameikumbuka ile shaba ya zamani, kuna mteja anataka pambo, basi tubadilishane kwa unga. Mama nusura alie kwa shukrani. Aliniambia niutue mtungi, akaiokota sarafu, akaifuta kwa kanga, akampa.

Hapo mkono wa mjomba ukaitangulia akili yake. Sonara hanunui kitu bila kukipima, hata kama anajua ni nini, na miaka yote hiyo huenda mtu alikuwa ameibadilisha. Alitoa mfukoni jiwe lake jeusi la kupimia na kichupa, akaikwaruza sarafu juu yake, akadondosha tindikali kwenye ule mstari. Wa shaba ungechemka na kufutika. Huu ulibaki pale pale, wa njano. Mjomba alitabasamu, ndipo akakumbuka kwamba tunamtazama.

Mama alikulia katika karakana ile ile.

"Kaka," alisema, "siku hizi shaba inapimwa?"

Mjomba alianza kueleza mambo ya serikali, kwamba dhahabu ya vichochoroni inafunga watu, kwamba siku zote alikuwa akituepusha balaa. Mama alimpokonya sarafu. Mimi nilibeba debe nikaliweka nje ya mlango, ingawa tumbo lilinilaani, naye akalifuata. Kikulacho ki nguoni mwako, na chetu kilikuwa kikila pilau letu kila Idi.

Mama aliingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda, sarafu kiganjani.

"Baba Swaumu, ni dhahabu. Ni dhahabu kweli. Kwa nini hukusema?"

Baba hakushangaa. Polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache, alieleza kwamba kabla ya kumlipa askari mmoja mzee nta yake yote ya misimu miwili kwa sarafu ile, aliilaza kwanza katika maji ya ndimu na chumvi, ikaamka vile vile. Tena imekaa chini ya mtungi, kwenye unyevu, mpaka mimi nimekuwa mtu mzima, na haijaota ukijani hata chembe. Shaba gani hiyo? Yeyote angeinama angeona.

"Na nilisema," aliongeza. "Wiki ile ile ya harusi nilikwambia. Ukamwamini kaka yako."

Mama alilia kwa kwikwi. Nilitamani baba amshike mkono, au amtukane, lolote lile. Aligeukia ukutani.

"Irudishe chini ya kigoda, Maua," alisema. "Maji yatamwagika."